Fua Kwanza

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia spana zikigongana kwenye karai. Mume wangu Khalif alikuwa akizipapasa moja moja. Jicho lake la kushoto lilishakufa kwa presha ya macho, na daktari alisema la kulia halitamaliza nusu mwaka. Alitaka kitu kimoja tu: kuiendesha tena Landrova yake ya zamani hadi daraja la Tana na kurudi, angali anaiona barabara.

Gari lilikuwa limelala uani miaka kumi, mbuzi wakizalia ndani. Rafiki yake Musyimi, fundi kutoka Mwingi, alikuja kila asubuhi tangu Idi. Kila spana aliyoitumia aliirudisha palepale ilipokuwa, ili Khalif asihangaike kuitafuta.

"Nibe ile falfu," Khalif alizoea kusema.

"Warya, miaka thelathini na bado falfu! Ni valvu."

"Umeelewa, hukuelewa?"

"Nimeelewa."

Kweli alimwelewa. Kisomali chetu hakina v wala p, basi kila f ya Khalif Musyimi aliigeuza v mwenyewe kichwani, wala hakumwomba arudie.

Asubuhi hiyo ilibaki bolti moja ya kichwa cha injini, imeshikwa na kutu. Khalif akaigusa kwa kidole.

"Fua kwanza," alisema, yaani ipigwe nyundo taratibu, kutu iachie.

Musyimi akasikia vua, yaani aitoe. Akatia spana, akavuta kwa nguvu zote. Bolti ikakatikia ndani, na kichwa cha injini kikapasuka ufa mrefu.

"Nilisema fua," Khalif alisema. "Ya nyundo."

Musyimi akakaa mchangani. "Nilidhani ni ile f yako, mzee."

Akapiga simu Nairobi, akapiga Mombasa. Kichwa cha aina hiyo hakipo. Kukiagiza ng'ambo ni miezi minane, labda zaidi.

"Miezi minane," Khalif akarudia. Akainua kiganja chake, akakisogeza karibu na jicho la kulia, kisha akakishusha.

Nilileta chai ya maziwa ya ngamia. Musyimi hakuigusa. Alinawa mikono muda mrefu, hata grisi ilipokwisha aliendelea kunawa, akaniaga akiwa ameinamisha kichwa.

Alipofika langoni Khalif akamwita. "Warya! Kesho uje."

"Nije kufanya nini, mzee? Gari limekwisha."

"Najua limekwisha. Njoo tu ukae. Kwa sasa bado nakuona."