Kijiko cha Kuonjea

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni kwamba shangazi alisema "Imeitika" kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Miaka yote aliyolelewa katika jiko lile, mambo yalikwenda hivi: shangazi huchota kwa kijiko cha mti, hupuliza, huonja, hufumba macho, hunyamaza kidogo, ndipo husema, "Imeitika." Hapo sufuria hushuka. Asiposema, haishuki, hata wageni wawe wamekwisha kukaa mezani. Na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuonja.

"Jiko moja, ulimi mmoja," alikuwa akisema. "Ndimi zikizidi, keki inageuka mkutano."

Lakini tangu mafua makali yalipomlaza shangazi kitandani, macho hayakufumbwa tena. Kijiko kilipanda, neno likatoka, kijiko kikashuka vilevile kilivyopanda. Msichana aliona, akanyamaza. Kunyamaza ndiko alikokujua. Akiagizwa, akisifiwa, akigombezwa, jibu lake lilikuwa "Ndiyo, shangazi," mpaka nyumba nzima ikamwita Ndiyo. Hata shuleni, kabla hajaacha masomo njiani, mwalimu akiuliza kama wameelewa, yeye alikuwa wa kwanza kuitika, na wa mwisho kuelewa.

Sasa ilikuwa siku ya harusi ya binti wa pekee wa shangazi, na keki ilikuwa ya kwao wenyewe. Tabaka za keki zilikwisha kuiva, zimepoa juu ya meza chini ya kitambaa. Kilichobaki ni rojo la matunda la kuweka katikati na krimu ya kupaka nje. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Bakuli la siagi ilibidi likalishwe ndani ya beseni la maji baridi, la sivyo krimu ingeteleza kama sabuni na tabaka za keki zingeachana njia. Ndiyo alikuwa akiipiga siagi hiyo pamoja na sukari ya unga, mpaka ikawa nyeupe na nyepesi. Shangazi alikuwa mbele ya moto na sufuria ya forosadi, vile vitunda vyeusi vinavyomshtaki mlaji kwa kumpaka vidole.

"Mama, shela limekataa kukaa!" bibi harusi aliita kutoka chumbani.

"Libane nyuma ya masikio, siyo juu! Una kichwa, huna mlingoti!"

Wakaendelea kubishana kupitia ukutani, na mwiko ukasimama. Sukari haisubiri maneno ya watu. Harufu ilianza kidogo, tamu, halafu ikageuka chungu. Ndiyo akageuka. Shangazi alikuwa amesimama juu ya moshi ule, uso mtulivu, kama mtu anayeota jua. Akachota, akapandisha kijiko.

"Imeitika. Au siyo?"

"Ndiyo, shangazi," alijibu Ndiyo.

Shangazi akakwangua chini ya sufuria kwa nguvu, weusi wote ukapanda juu.

"Jamani!" sauti ikavuma kutoka sebuleni. "Huko mnapika keki au mnachoma mkaa?"

Alikuwa wifi yake shangazi, mwenye ulimi usiolala. Lolote alilolijua asubuhi, mchana lilikuwa limezunguka mtaa na kurudi likiwa limenenepa. Viatu vyake vikaanza kugonga sakafu kuja jikoni. Shangazi akaitazama sufuria, akainusa, akainusa tena. Uso wake ukawa wa mtu aliyeingia chumba cha giza na kugundua kwamba taa inawaka.

"Nimeiunguza mimi," Ndiyo alisema.

Wifi alikuwa tayari mlangoni. "Ala! Leo Ndiyo katoa sentensi nzima, na yenyewe ya majivu! Sikiliza, mama, wageni wakikosa keki, tutakupaka wewe krimu tukukalishe mezani." Akacheka kwa raha zake, akaenda kuwasimulia wengine.

Shangazi akafunga mlango. Akaketi juu ya ndoo ya sukari.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Ukakaa kimya."

"Ndiyo, shangazi."

"Kila kitu kina ladha ya karatasi," shangazi alisema polepole. "Chai karatasi. Ndimu karatasi. Nikasema itarudi, wiki ijayo itarudi. Mwanangu, jina langu hapa mtaani nani analijua? Wananiita Mama Keki. Ukiondoa keki, watabaki kuniita nani?" Akajifuta uso kwa aproni, ikamwachia unga kwenye shavu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na forosadi."

Ndiyo akajikuta anacheka. Shangazi naye akacheka, kicheko chenye maji ndani.

Forosadi zilikuwa zimekwisha. Zilibaki stroberi tu, nzuri, nyekundu, zilizotengwa kwa kupamba juu.

"Tuzipike," alisema shangazi, akiinuka. "Juu tutapamba kwa krimu yenyewe, tuipige mawimbi. Uzuri wa nje hautafunwi."

Wakazikatakata, wakazimiminia sukari, wakaziinjika kwa moto mdogo. Safari hii mwiko haukusimama, ingawa bibi harusi aliita mara kadhaa kuhusu shela. Mkono wa shangazi ulikuwa haujasahau kitu: alipitisha mwiko chini ya sufuria, akatazama njia iliyobaki nyuma yake, na ilipochelewa kujifunga, akajua rojo limeshika.

Kisha akachota kwa kijiko cha mti. Akapuliza. Kwa mazoea akakipandisha, kikafika kidevuni, kikasimama. Akakigeuzia upande wa pili.

"Onja."

Ndiyo akarudi nyuma hatua. Kijiko kile hakikuwahi kuelekezwa kwake.

"Na usinipe ndiyo," alisema shangazi. "Ndiyo zako ninazo debe zima. Nipe ulimi."

Akaonja. Akafumba macho bila kukusudia. Ilikuwa tamu, na hakuna mgeni ambaye angeirudisha. Lakini utamu ulikuja, ukakaa, ukawa umekaa tu, kama mgeni asiye na hadithi. Chumbani bibi harusi alikuwa akicheka, shela limekubali. Mbele yake shangazi alikuwa amemkazia macho, kidevu kimeinuliwa, anasubiri kama Ndiyo alivyokuwa akisubiri siku zote.

"Imeitika?"



"Hapana, shangazi," alisema. "Bado. Tia ndimu."