Kwao Daktari wa Karantini

Daktari wa karantini katika bandari ya Bukavu hakupendwa na mtu, wala hakulilia kupendwa. Meli ikitoka Goma, abiria walianza kujikuna kabla haijafungwa kamba, kwa hofu tu ya yule kijana mwenye koti jeupe aliyewangojea pale wanaposhukia. Aliwafunua macho, akawapapasa shingo, akawamwagia poda ya chawa vichwani, na aliyemtilia shaka alimfungia kwenye banda la mabati mpaka roho yake mwenyewe iridhike. Daktari mzungu alikuwapo, ila yeye alikuja kutia sahihi tu, kisha akarudi zake Nyalukemba, mtaa wa wazungu, kwenye maua yake. Kwa vyeo vya Wabelgiji, kijana huyo, Télesphore, alikuwa msaidizi wa daktari. Kwa watu wa Kadutu, mtaa wa Waafrika, anayekufungia ndiye daktari, yakaisha.

Adolphine alimchukia kwa moyo wake wote. Mwaka uliopita alitoka kisiwa cha Idjwi na mikeka ya kuuza, Télesphore akaona kunguni mmoja, mmoja tu, akaichoma yote palepale ufukweni bila hata pole. Kwa hiyo kijana huyo alipomtuma mzee Cyprien kuomba uchumba wa Eulalie, Adolphine alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauona uso wa Eulalie, na kicheko kikamwishia mdomoni. Mtoto alikuwa amependa.

Eulalie alikuwa binti wa Bulonza, kaka yake Adolphine. Mama yake alikufa siku ileile ya kumzaa. Adolphine, mjane asiye na mtoto, alimchukua akiwa bado na damu ya uzazi, akamlisha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na tangu siku hiyo hawakuwahi kulala vitanda viwili. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi wa upupu kwa dunia nzima, lakini kwa Eulalie alikuwa laini. Ukimtaka Adolphine apige magoti, palikuwa na mlango mmoja tu wa kupitia.

Bulonza naye alikuwa mtu mzito. Alikuwa karani wa miaka mingi, mwenye kiti chake cha mbele kanisani, mtu ambaye watu wa Kadutu wakigombana humpelekea ugomvi wao kabla ya kuupeleka kwa chifu. Yeye alitaka mambo yafuate desturi. Na kwao, binti hatolewi kabla nyumba ya mwanamume haijaulizwa: ni watu gani, wana ukoma, wana kifafa, wana mchawi, wana mwizi? Anayekwenda kuuliza ni shangazi wa binti, kwa miguu yake, na neno lake mbele ya wazee halirudiwi na mtu.

"Kwabo daktari ni wapi?" Bulonza akamwuliza Cyprien.

"Yee analelewaka na ba padri," akajibu mzee. "Alizaliwa mu lazareti ya ugonjwa ya usingizi, kule Sange. Anasema mengine mutayakuta kulekule."

Adolphine na kaka yake wakatazamana. Walikuwa na sababu yao ya kutolipenda jina la Sange. Lakini watu wengi walipita lazareti ile, hospitali ya kuwatenga wagonjwa, na kati yao wawili hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Basi akashuka na lori la pamba kwenye bonde la Ruzizi, joto likimpanda kwa kila kona ya mlima. Moyoni alikuwa na furaha mbaya. Alitaka kukuta mchawi. Kama si mchawi, hata kifafa kidogo kingetosha, ili arudi amwambie Eulalie, "Mwanangu, tumuache," na wachoma mikeka wa dunia wapate adabu.

Sange hawakumzungusha. Kila mtu alimjua mama wa daktari, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee pale mwenye nyumba ya bati. Alimkuta barazani anachambua maharagwe kwa vidole, macho yamefunikwa na utando mweupe. Sindano za lazareti zilimponya usingizi zikamla macho, kama zilivyowala wengi.

Adolphine alimtambua kabla hajavuka uwanja. Alikuwa Nsimire, dada yake, tumbo moja.

Ngoja tuseme wazi jambo ambalo nyumba ile ililificha kwa karibu miaka thelathini. Zamani hizo wauguzi wa ugonjwa wa usingizi walipita vijijini wakipapasa shingo. Ukikutwa na tezi, ulipelekwa lazareti, na nyumba yako yote ilifungiwa pamoja nawe. Nsimire, mjane mchanga, alivimba shingo wiki ileile Bulonza alipopata kalamu ya ukarani. Bulonza akamwambia twende Uvira kutafuta chumvi. Mlangoni pa lazareti akawaambia wauguzi kwamba huyu mwanamke amemwokota njiani, hana watu. Akarudi nyumbani akasema dada amekufa, amezikwa bondeni. Familia ikanyoa vichwa kwa msiba. Adolphine, msichana wakati huo, alikuwa ameambiwa ukweli na Bulonza usiku uliotangulia, na ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Machozi ya uongo yanataka sauti. Na wazee walisema kwamba aliyekwisha kuliliwa hatajwi tena kuwa hai, kwani kifo chake kitatafuta mwingine wa kujaza nafasi. Mimi nasema wazee walisema mengi, na mengi yaliwafaa wao.

"Karibu, maman," Nsimire akasema, akimsogezea kigoda. "Ikala. Unatoka wapi?"

Adolphine akakohoa, akaibana sauti yake ipite puani, isijulikane. "Bukavu. Nimetumwa niulize nyumba ya daktari."

"Mutoto yangu alisema mutakuja. Alisema, mama, wewe ikala tu, safari hii bo benyewe batakuja na miguu yabo."

Hapo Adolphine akaelewa, na jasho la bonde likamgandia mgongoni. Kijana alijua. Alijua alikozaliwa, alijua nyumba iliyomtupa mama yake akiwa na mimba changa aliyoachiwa na marehemu. Hakuja kutafuta mke. Alikuja kuwasha desturi ili iwashike wenyewe kwa shingo iwavute mpaka Sange.

Lori halikurudi siku hiyo. Nsimire akamsongea bugali na samaki, wakala sahani moja, wakalala mkeka mmoja. Alisimulia yote bila kulaumu, na hilo ndilo lilimuumiza Adolphine zaidi.

"Kule Bukavu unajua mutu moya, Bulonza? Ba iko bazima, ye na dada yake mudogo?"

"Siwajui," akasema Adolphine.

Asubuhi akaaga. Nsimire akamshika mkono kwa viganja viwili, akakaa nao kidogo.

"Wende salama, mutoto ya mama," akasema. "Nilikujua tangu ulikohoa."

Unadhani alianguka akalia? Alinyofoa mkono wake, akapanda lori. Hata leo siwezi kumsamehe.

Bulonza alimsikiliza mlango ukiwa umefungwa. Hakuuliza dada yake anaendeleaje. Aliuliza nani mwingine anajua.

"Eulalie hawezi kuolewa na mutoto ya dada yetu," Adolphine akasema. "Padri atakataa, na sisi benyewe tutakufa na haya. Tumwambie mutoto ukweli, kaka."

"Ukweli!" Bulonza akavuta koti lake. "Nani atanisalimia mu Kadutu? Sema mama yake ana ukoma. Eulalie atalia wiki moya, itaisha. Ule mwanamuke alishakufaka. Mutu hakufake mara mbili."

Mficha uchi hazai, na Adolphine alilijua neno hilo tangu utoto. Lakini aliona pia kwamba uongo huu ungemwokoa mtoto na ndoa, na ungemwacha yeye abaki mama. Akakubali. Siku tatu zilizobaki kabla ya wazee kukutana alilala kitanda kimoja na Eulalie, akamsikiliza akiimba kwa sauti ya chini, asimwambie kitu.

Jumapili baada ya misa watu wakajaa uani kwa Bulonza. Pombe ya ndizi ilikuwa katikati na mirija yake. Télesphore alifika kwa gari la bandari pamoja na dereva na walinzi wawili wa afya, maana alipenda kuonekana. Akakaa kimya nyuma ya Cyprien, kama inavyompasa mchumba. Eulalie alikuwa mlangoni na kitambaa kipya kichwani. Adolphine akasimama.

"Nilifika kwabo daktari," akasema. "Nilimuona mama yake. Ana ukoma. Vidole vimeanza kuisha. Nyumba yetu inakataa."

Eulalie akashika fremu ya mlango. Mzee Cyprien, ambaye hakupenda kazi yake imwagike hivi, akaruka.

"Maman Adolphine, hii ni neno ya mutu kukuambia, ao ulimuona na macho?"

Na hapo ulimi ule uliozoea kushinda ukamponza mwenyewe. "Na macho yangu! Nilikula naye mu sahani moya! Nililala ku mukeka yake mpaka asubui! Nani hapa ataniambia sikuona?"

Njia ya mwongo ni fupi. Télesphore akainuka. Mchumba hasemi siku hiyo, lakini aliyesimama sasa hakuwa mchumba. Watu waliuona uso uleule wa bandarini.

"Tante, shangazi ya binti, alikula na mukoma," akasema polepole. "Alilala ku mukeka ya mukoma. Akarudi. Hapa analalaka na nani?"

Macho yote yakamgeukia Eulalie, kwa sababu Kadutu nzima ilijua.

"Mi nilizania mutasema amekufa. Kwa ile uongo nilikuwa na dawa yake tayari. Ukoma mumejitafutia benyewe." Akawageukia walinzi. "Tante na Eulalie bapande gari. Lazareti. Nyumba ifungwe, matandiko yachomwe. Mutu asitoke."

Kama sheria ilimpa nguvu hizo, hakuna pale aliyejua, na nani angethubutu kumwuliza? Majirani walikwisha kurudi nyuma mpaka kwenye ua wa miti. Cyprien akautoa mrija mdomoni akaupangusa kwa shati. Bulonza, yule mtu mzito, akasogea hatua mbali na dada yake, kisha hatua nyingine mbali na binti yake.

"Ni Eulalie alilala naye," akasema. "Mi sikumugusa. Ba jirani ni bashahidi."

"Papa!" Eulalie akaita.

Mlinzi akamshika mkono. Yule mtoto hakupiga kelele. Alimtazama shangazi yake tu, kwa imani yote ya miaka kumi na tisa, akingoja autengeneze ulimwengu kama alivyoutengeneza siku zote. Na Adolphine, aliyemtazama dada yake kipofu akanyamaza, hakuweza kuyastahimili macho haya.

"Muache!" akapiga ukelele. "Haiko mukoma! Haina ugonjwa hata moya!"

"Ni nani basi?" Télesphore akauliza.

"Ni Nsimire."

"Nsimire nani? Ba jirani habasikii."

"Ni dada yetu! Dada yangu na ya Bulonza! Tulimunyolea vichwa akiwa muzima. Bulonza alimutupa ku lazareti, na mi nilijua, na nililia kilio ya uongo!" Akakaa chini kwenye vumbi. "Daktari ni mutoto wetu. Sasa acha huyu."

Télesphore akavuta pumzi ndefu. Miaka yote alikuwa ameyangoja maneno hayo, na alipoyapata alionekana mtu aliyekula akashiba haraka mno. Akawapungia walinzi mkono, wakamwachia Eulalie.

"Mi sina dada wa jina ile," Bulonza akawa anawaambia majirani, mmoja mmoja. "Mwanamuke ana wazimu." Nao walimtazama viatu.

Eulalie akamwendea Télesphore. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe ulijua?"

"Tangu mbele ya kukuona."

"Na ile yote ulikuwa unaniambia?"

"Nilikuwa natafuta nyumba hii," akasema Télesphore. "Wewe ulikuwa mulango yake." Akaichukua kofia yake kwenye kiti, akaenda garini, na hakugeuka. Alikuwa mtoto wa Nsimire kwa damu, lakini moyo aliupata kwa mjomba wake.

Gari likaondoka. Majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuaga, na chungu cha pombe kikabaki katikati. Adolphine akajikokota akainuka, akaenda kwa Eulalie huku amenyoosha mikono yote miwili, mikono iliyomlisha kwa kijiko.

"Mwanangu," akasema. "Imekwisha. Uko salama."

Eulalie alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Siku tatu ulilala na miye," akasema. "Niliimba, na wewe ulikuwa unasikia. Ungeniacha niamini mama yake iko mukoma, nimuogope mpaka nikufe, juu ya jina ya papa mu Kadutu."

"Eulalie, mama."

"Usinigusake."

Adolphine akasogea tena, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na mtoto akavuta kitambaa chake kipya akajifunika mikono, ili ngozi yake isiguswe. Akapita ubavuni mwake, akaingia ndani, akaanza kutoa mto wake katika kitanda chao.