Mkono wa Mahameli

Pale karakana ya ushonaji walimwita Kufuli, kwa kuwa kinywa chake kilifunguka kwa nadra. Wifi yake, dada wa mumewe, walimwita Redio, na hilo halihitaji maelezo. Kufuli ndiye aliyemtafutia Redio nafasi pale, akamwonyesha pa kuweka cherehani, akamwazima na kigoda. Sasa gauni la harusi la mahameli ya zambarau, kazi ambayo kila fundi aliitamani, bosi alikuwa amempa Redio.

"Shukrani ya punda ni mateke," Kufuli alijisemea.

Tangu siku hiyo akawa anachunga. Redio akicheka na bosi mlangoni, Kufuli alipunguza mwendo wa cherehani apate kusikia. Redio akipokea simu, alitoka nje na kushusha sauti. Redio gani hiyo inayoshusha sauti bila sababu? Kuna maneno yamepelekwa kwa bosi, aliwaza. Kazi kama ile haiendi kwa mgeni yenyewe tu.

Alikuwa mtu wa sala. Kila asubuhi, akitia uzi kwenye sindano, aliomba: "Bwana, fichua yaliyofichika. Mwenye husuda kati yetu aonekane." Aliomba hivyo hata kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, kwa sauti. Redio, aliyekaa upande wa pili, akaitikia "Amina!" kwa nguvu kuliko wote. Kufuli akafungua jicho moja. Ya nini kuitikia kwa nguvu hivyo?

Mama mchungaji aliliona lile jicho. Walipokuwa wakirudisha viti, akamvuta kando.

"Mwanangu, ni nani huyo unayemsema kwa Mungu bila kumtaja?"

"Simsemi mtu, mama. Naomba ukweli tu."

"Haya. Unajua desturi ya kikundi chetu. Kile unachokitaka wewe, mwombee kwanza yule anayekukera. Umtaje."

"Hata kama ameshakipata?"

"Hapo ndipo dawa inapofanya kazi."

Kesho yake Kufuli alitia uzi, akaomba kama anayemeza shubiri: "Bwana, mbariki wifi yangu. Gauni lake litoke zuri." Akasita. "Lakini lisizidi sana." Mwenyewe akajua sala hiyo haikufika hata darini. Hakuacha. Kila asubuhi aliomba tena, na ule mkia wa "lakini" ukawa unafupika. Kuchunga nako hakuacha.

Ndiyo maana aliona.

Redio alikuwa ametandaza mahameli kwenye meza ya kukatia, anachora kwa chaki huku anapiga soga. Kitambaa kilikuwa kidogo, na mama wa bibi harusi alishasema kingine kama hicho hakipatikani tena. Ili kitoshe, Redio aliuchora mkono mmoja wa gauni kichwa chini miguu juu, kama mafundi wafanyavyo kwenye kitambaa cha kawaida. Lakini mahameli ina manyoya. Yakilala huku yanang'aa, yakilala kule yanageuka meusi. Bibi harusi angesimama kanisani na mkono mmoja wake, mwingine kama wa kuazima.

Jibu la sala zako hilo, moyo ukamwambia Kufuli. Nyamaza tu. Nani atalilaumu kufuli kwa kufungwa?

Redio akachukua mkasi.

"Bwana," Kufuli alinong'ona, "gauni lake litoke zuri." Lile "lakini" lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Wifi, usikate!"

Cherehani zote zikanyamaza.

"Una nini?"

"Mkono wa kushoto umeugeuza. Manyoya yanapanda."

Redio akamtazama juu mpaka chini. "Siku zote unanikodolea macho kama mwizi wa kuku, leo ndiyo umenipenda? Nikiugeuza, kitambaa hakitoshi, niaibike mbele ya bosi. Si ndicho unachongoja?"

"Usiniamini mimi. Kipeleke mlangoni kwenye mwanga, kiamini kiganja chako."

Redio akakivuta kitambaa hadi mlangoni, mkasi hakuuachia. Akapapasa kwenda, akapapasa kurudi. Redio ikazima.

Aliporudi, sauti ilikuwa ndogo. "Mahameli sijawahi kuishona, wifi. Zile simu nilikuwa namwuliza shoga yangu. Nilikuogopa wewe, ungenicheka." Akashusha pumzi. "Ungeniacha nikate, kazi za harusi zote zingekuwa zako."

"Najua."

"Sasa?"

"Nakuombea kila asubuhi. Nikuombee halafu nikuache uharibu?"

"Unaniombea? Wewe?" Redio akakunja uso. "Unaniombea nini?"

Mafundi wakaangua kicheko. Kufuli naye akacheka, kisha akafuta chaki, akauchora mkono upya, manyoya yakishuka. "Kitatosha. Pindo la ndani tutaliunga kwa kitambaa kingine, halionekani."

"Basi shika huku."

Mkasi ulipoanza kuuma kitambaa, kijicho kikamchoma Kufuli tena, kidogo, kama pini iliyosahaulika kwenye pindo. Akaomba palepale, macho wazi, akakivuta kitambaa kinyooke.