Nyimbo Tano Bila Neno

Huku Masisi mtu hasifiwi akiwa anapumua. Akiwa hai, watu watakutajia ubahili wake, miguu yake iliyopinda na mke aliyemtoroka. Ngoja afe, ndipo utaambiwa kwamba alikuwa nguzo ya kilima kizima, na wanaosema hivyo ni walewale. Vestine alikuwa amechoshwa na tabia hiyo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiendesha kipindi cha reggae na soul kwenye redio ndogo ya jamii pale Masisi, kila Jumapili saa nane mchana, na karibu wanamuziki wote aliowasifu walikuwa wameshazikwa. Wajamaika, Wamarekani, Waafrika wa Magharibi, wote aliwapa maua wakati pua zao haziwezi tena kunusa. Safari hii aliapa kumsifu mtu mwenye masikio.

Mtu huyo alikuwa Faustin Nzabonimpa, mtoto wa wakulima wa maharagwe, aliyezaliwa kilima cha pili kutoka kituo cha redio. Faustin alianzia kwaya ya parokia. Kisha dereva wa lori la jibini akamwachia kaseti ya soul ya Kimarekani, naye akaisikiliza mpaka utepe ukakatika. Hakuelewa Kiingereza hata kidogo, lakini alielewa vizuri pale mwimbaji anapoishiwa maneno na kubaki na sauti tupu. Reggae ilimkuta Goma. Akauchukua mdundo ule unaochechemea, akauwekea sauti yake ya kanisani, akaimba habari za ng'ombe walioibwa na za familia zinazolala chini ya turubai. Kaseti yake ya kwanza ilizunguka Kivu nzima, ya pili ikafika Bujumbura na Kisangani. Vijana wanaopiga reggae leo kutoka Sake hadi Walikale wote wamemwibia kitu, na wenye adabu wanakiri. Vestine mwenyewe aliimba nyuma yake miaka sita, akiitikia. Kama alimpenda, hakuwahi kusema, na hatutamlazimisha aseme leo.

Baadaye Faustin aliwafuata wachimba madini Walikale, akawa anaimba kwenye baa zao za mbao huko msituni, mpaka koo likaugua. Daktari aliliangalia mara mbili, akatikisa kichwa. Sasa alikuwa amelala kwenye chumba kimoja hukohuko Walikale akihudumiwa na binti yake, Cindy, bila sauti kabisa, akiandika kila alichotaka. Vestine alipompelekea ujumbe wa simu kwamba anamwandalia kipindi kizima akiwa bado hai, naye angetumiwa kwa simu hiyohiyo kwa kuwa redio ile haifiki Walikale, jibu lilikuwa fupi: «Masikio iko muzima. Sifa si lazima. Omba mama aseme neno moya.»

Neno moja. Lakini mama mwenyewe alikuwa Mama Béata.

Vestine alipanda kilimani kwake siku ya Jumatano. Mama Béata, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa akifukuza kuku kwenye maharagwe yaliyoanikwa. Alimsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa heshima, kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa kifuani miaka tisa.

«Siku tulizika baba yake, Faustin alikuwa wapi?»

«Bukavu, mama.»

«Alikuwa Bukavu juu ya podium, anaimbia batu bengine. Jeneza ilingoja mpaka saa kumi. Mimi sina neno ya kumuambia.»

«Mama, iko mugonjwa sana. Na mutoto ni mutoto. Ng'ombe haelemewi na nunduye.»

«Nundu yangu ilijikata yenyewe, ikaenda Walikale,» alisema mama, akarudi kwa kuku wake.

Vestine aliteremka na hasira. Akajiambia kwamba sifa zake zitatosha bila neno la mama. Hapo ndipo alipoanza kukosea, lakini kosa kubwa lilikuwa bado njiani.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alifungua kipindi hicho maalumu, bila kungoja Jumapili yake ya kawaida. Yeye ana imani yake ya kazi: mtangazaji anayezungumza wimbo ukiendelea ni mwizi. Kwa hiyo alipanga nyimbo tano za Faustin zipite mfululizo, bila salamu wala jina, watu wazisikie wenyewe kwanza. Maneno yangekuja baada ya wa tano, na maneno alikuwa nayo, kurasa kumi na moja alizoziandika kwa mkono.

Msomi wetu huyu wa redio alisahau kitu ambacho kila mama wa shambani anakijua. Redio ikipiga wimbo mmoja wa mwanamuziki, watu wanacheza. Ikipiga wa pili, wanaulizana. Ikipiga wa tatu asubuhi bila tangazo, mwanamuziki huyo amekufa, na mtangazaji yuko nyuma ya maikrofoni analia, hawezi kusema. Ndivyo redio zetu zinavyozika waimbaji, na Vestine mwenyewe amewazika hivyo wengi tu. Wimbo wa tatu ulipoanza, majembe yalilazwa chini vilima vyote.

Katikati ya wimbo wa tano umeme ukakatika. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya paneli za sola tangu alfajiri, na betri ikakata roho. Papa Jean-Luc, fundi wa redio, alitoka nje kuangalia nyaya, akarudi uso umembadilika.

«Dada Vestine, kuna bamama kwa barabara na kuni kichwani. Banauliza maiti itafika lini.»

«Maiti ya nani?»

«Ya Faustin, njo.» Njo ya kwetu ni ndiyo, si wito wa kuja.

Vestine hakungoja kuelezwa zaidi. Alidaka pikipiki ya kwanza, wakapanda utelezi wakiserereka, na njia nzima aliwapita wanawake wenye kuni, wenye unga, wenye madumu ya maziwa. Kila mmoja alimpungia mkono kwa huruma. Walijua aliimba naye.

Uani kwa Mama Béata sufuria ilikuwa tayari motoni. Ndani, mama alikaa chini kwenye mkeka, kitambaa kimemtoka kichwani, akilia kilio chenye maneno, kama wanavyolia wazee wa kwetu. Vestine alisimama mlangoni amefungua mdomo amwambie. Kisha akasikia.

«Faustin weee, mutoto wangu! Ile Pasaka uliimba peke yako, mimi niliangalia chini, ili batu basione vile niko nafurahi! Kaseti yako iko mu gunia ya maharagi, Faustin! Nilikuwa nasikiliza wakati ya mvua, juu jirani basijue! Hasira ilikuwa ya mudomo tu, mutoto wangu, ya mudomo tu! Niliona haya kuikamata simu kwanza! Wewe njo sauti ya hii nyumba, na mimi nilikufungia mulango!»

Vestine alifunga mdomo. Akatoa simu, akabonyeza, akaielekeza ndani. Dakika nne alisimama pale akimwacha mwanamke mzee amlilie mtoto aliye hai, na alijua anachofanya. Faustin aliomba neno moja. Haya yalikuwa zaidi ya mia. Moyo ulimpiga kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja, na furaha ndiyo iliyozidi.

Sauti ya mama ilipokauka, ndipo aliposema. «Mama. Faustin hakukufa. Iko muzima. Ni redio tu.»

Mwanamke mmoja alicheka kwa woga, mwingine akapiga ishara ya msalaba. Wengine wakaanza kuulizana kama kuni zirudishwe, na hatimaye wakaamua kwamba maharagwe yakishaiva yaliwe. Wanasema kifo cha wengi harusi. Kifo cha uongo sijui tukiite nini, lakini kinashibisha vilevile.

Mama Béata alimshika Vestine mkono, akampeleka nyuma ya nyumba.

«Ulisimama pale tangu wakati gani?»

«Tangu kwa Pasaka, mama.»

«Na ukanyamaza.»

«Nilikamata sauti yako mu telefone. Mama, nitamutumia leo leo. Njo ile aliomba.»

Mama alimtazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda cha mtoto. «Futa.»

«Mama—»

«Maneno ya kilio ni ya mufu. Ukipatia mutu mwenye anapumua, umemukatia sanda. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimufundisha. Unataka nimuue kwa mukono yangu? Futa, nikiona.»

Angeweza kumdanganya. Macho ya mzee yalishachoka, simu ni kioo tu, ungebonyeza popote. Lakini Vestine naye ni mtoto wa vilima hivi, na hofu ilimwingia mpaka kwenye kidole. Akafuta. Dakika nne zikaondoka, na tangu siku ile hajaacha kuzijutia.

Toka uani ilisikika milio ya vijiko.

«Washa tena,» alisema Mama Béata.

Vestine akawasha. Mama alifunga kitambaa chake vizuri, akaisogelea simu, akaitazama muda mrefu. Maneno yaliyomtoka kama mto dakika chache kabla sasa hayakuonekana. Mtu hai ni mgumu kusemeshwa.

«Faustin,» alisema. «Njo mimi, mama yako.» Akasogea karibu zaidi. «Maharagi ilikauka muzuri huu mwaka. Mvua haikuharibu. Ile ng'ombe ya nyeusi ilizala.» Akaitazama tena ile simu. «Basi. Kula vizuri.»

Ilikuwa sekunde arobaini. Vestine aliituma jioni ile alipofika penye mtandao, na nafsini aliona haya kidogo, kama mtu anayepeleka sahani ya chumvi kwenye karamu. Kesho yake asubuhi jibu lilikuwa limeingia: «Nimesikia. Nimerudilia mara mingi. Uliza mama, ngombe ilizala dume ao jike?»

Alitabasamu. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi anauliza habari za ndama! Alikusudia kupanda kilimani siku hiyohiyo, lakini mvua ilinyesha. Jumatatu alikuwa na kazi, maana kipindi kilipaswa kurudiwa, safari hii bila aibu. Aliongeza kurasa. Aliwatafuta vijana wa reggae mmoja mmoja, akachukua shukrani zao. Mmoja alikiri kwamba alijifunza kuimba akichunga ng'ombe, redio ikining'inia shingoni. Mwingine alilia kabisa. Alimtafuta hata yule dereva wa lori la jibini, mzee sasa, ambaye hakuikumbuka ile kaseti lakini alikubali kusema anaikumbuka. Jumamosi iliyofuata kipindi kilirushwa, na kabla ya wimbo wa kwanza Vestine alitamka waziwazi kwamba Faustin Nzabonimpa yu hai. Saa tatu nzima za sifa. Watu walisimama barabarani kusikiliza. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Jumapili akaituma Walikale yote, vipande kumi na viwili, akalala amechoka na ameridhika.

Jumatatu Cindy alipiga simu.

«Tantine, Papa alituacha. Saa kumi na moja asubuhi.»

Vestine alikaa juu ya kreti tupu mlangoni kwa redio. Baada ya pole zote, na baada ya kuambiwa kwamba mazishi ni kesho palepale Walikale kwa sababu barabara imefungwa na vita, aliuliza alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, habari za kipindi chake. «Émission yangu alisikia?»

«Hapana, Tantine. Nilimufungulia, akakatala na mukono. Alikuwa anasikiliza ile ya Tate tu, mama yake, ya maharagi. Na kila asubuhi ananiandikia mu kikaratasi: jibu ya ng'ombe ilifika?»

Vestine alimwambia Papa Jean-Luc asipige wimbo wowote. Alipanda kilima kwa miguu, makusudi, ili achelewe kufika. Mama Béata alikuwa peke yake akipepeta maharagwe. Alimwangalia usoni, akaweka ungo chini.

«Leo njo kweli,» alisema.

«Njo kweli, mama.»

Hakulia. Alingoja, kama mtu anayengoja maneno yaje yenyewe, na hayakuja. Yale ya Pasaka, ya kaseti ndani ya gunia, ya mlango uliofungwa, aliyasema yote siku ile mbele ya watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Aliifuta mikono kwenye kikwembe chake, kile kitenge cha kiunoni, pole pole.

«Ile sauti yangu ilifika?»

«Ilifika. Alisikiliza kila siku. Na aliuliza…» Akatazama ule ungo. «Aliuliza ng'ombe ilizala dume ao jike.»

Uso wa mama ulifunguka ghafla, Vestine akaona jinsi alivyokuwa alipokuwa msichana. «Aliuliza?»

«Ndiyo, mama.»

«Wakati gani? Jana?»

«Ile siku ya kwanza. Jumapili ile ingine. Nilikuwa na kazi ya émission, mama. Niliona ni swali ndogo.»

Mama Béata alihesabu kwa vidole, taratibu, akafika siku nane. Ule mwanga ukaondoka usoni mwake.

«Ile habari ya ng'ombe mimi niliacha nusu maksudi,» alisema, «ili aulize. Kila jioni nilikaa hapa kwa mulango nikingojea uje. Nikasema basi, hakuuliza. Hanitaki tena.»

Vestine alipiga magoti kwenye yale maharagwe, akamshika miguu. Mama hakumsukuma, wala hakumgusa. Alikuwa amegeukia upande wa Walikale, kule misitu inakoanzia, ambako hakuna kinachoonekana zaidi ya ukungu.

«Ni jike,» alisema.