Hewa Aliyokuja Nayo Wanjala

Saa kumi kasorobo kila siku, Wilkista aliinua meko ya gesi kutoka sakafuni akaiweka juu ya meza, akafukuza kuku nje, kisha akamkalisha Nelima juu ya kabati la vyombo na kumzungushia mito. Mtoto alikuwa na miezi tisa na hakutulia hata kidogo. Mume wake Wilkista, Wanjala, alikuwa karibu kufika, na tangu afe mwezi wa tatu, hakuna moto uliokubali kuwaka chini ya kimo cha meza yeye akiwa ndani.

Saa kumi kamili Wanjala alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, magoti yamejaa udongo wa mlimani, kofia mkononi. Hakuna aliyewahi kumwona akiingia. Alisalimia, akauliza kama mvua imenyesha hapo kijijini Matulo, akapokea chai na kuishika kwa mikono miwili mpaka ikapoa. Mama yake, Phelista, alipopita alimgombeza kwa kutopangusa viatu, kama alivyomgombeza miaka yote. Saa kumi na moja kigoda kilikuwa kitupu, na Wilkista akamwaga ile chai nje.

Wanjala alikuwa fundi wa kuchimba visima, na kutoka Matulo hadi Bumula hapakuwa na fundi mwangalifu kumshinda. Kabla ya kushuka aliteremsha koroboi iliyowashwa kwa kamba. Ikiendelea kuwaka, alishuka. Ikizima, alikaa juu akatafuna miwa mpaka kesho yake, wenye kisima wakinung'unika. Hewa mbaya, alikuwa akisema, ni nzito na inalala chini, haionekani wala haina harufu, na haina haraka.

Alikuwa na udhaifu mmoja tu. Hakuweza kuona shimo akaliacha bila kujua linaishia wapi. Jumapili, baada ya kanisa, yeye na binamu yake Tonny walipanda Mlima Elgon kutafuta migodi ambayo wazungu waliichimba na kuiacha kabla ya uhuru. Tonny alipiga video, Wanjala akagonga mawe na kueleza. Hawakutafuta dhahabu, ingawa watu hawakuamini. Wilkista aliamini, kwa sababu ndiye aliyefua zile nguo, na hakuwahi kukuta mfukoni kitu cha maana kuliko kokoto.

Mgodi uliomuua uko juu, pale kaunti za Trans-Nzoia na Bungoma zinapokutana. Siku hiyo koroboi ilibaki ndani ya begi, nje. Fundi wa visima anajua shimo la kushuka kwa kamba, na hili lilikuwa la kuingia kwa miguu, mtu akiwa wima, kama anaingia kanisani. Wanjala aliliona ni njia tu. Hakuona kwamba njia hiyo inateremka, kidogo kidogo, jinsi sakafu ya ghala inavyoteremka bila mtu kujali. Walimulika kwa simu, na simu inawaka hata mahali mtu hawezi kupumua. Hatua mia mbili ndani, Wanjala aliona gurudumu la kitoroli cha zamani, akachuchumaa kulitazama. Hakuinuka. Tonny, ambaye ni mrefu kupita kiasi, alisikia masikio yakivuma. Alimvuta binamu yake kwa kola mara mbili, kisha akakimbia. Mpaka leo hapendi kuulizwa kuhusu mara ya tatu.

Wanaume wa Matulo walipanda na kamba, wakazuiwa wasije wakafia humo pia. Kazi ya kumtoa ilikuwa ya Ofisi ya Mashimo ya Kale, yenye tawi Kitale na tawi jingine Bungoma. Watu wa Kitale walisema mdomo wa mgodi ni wao, hilo hawakatai, lakini pale marehemu alipolala ni chini ya ardhi ya Bungoma. Watu wa Bungoma walisema mtu huhesabiwa pale alipoingilia. Walikubaliana jambo moja, nalo ni kufunga utepe wa njano kati ya vijiti viwili. Mbuzi waliula wiki hiyo hiyo.

Mwili usipopatikana, watu wa kwao Wanjala huzika shina la mgomba. Wakalikata, wakalivika suti ya harusi, wakaliweka kwenye jeneza. Ilibaki karatasi ya kibali cha mazishi. Naibu wa chifu alisema hawezi kuandika mgodi. Kwenye vitabu mgodi ule ulifungwa zamani, na mtu hawezi kufia ndani ya kitu kilichofungwa. Basi akaandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Wageni walikuwa wameshakaa kwenye viti, chakula kilikuwa jikoni, na familia ilikuwa imechoka kulia. Wakakubali. Hapo ndipo walipokosea, ingawa walikosea kwa adabu.

Wanjala alihudhuria. Alisimama nyuma ya tenti, akasikiliza wote waliozungumza. Iliposomwa kwamba aliugua kwa muda mfupi, aligeuka kutazama watu, kama anayetaka kujua ni nani mwingine amefariki. Kesho yake saa kumi alikuwa kwenye kigoda.

"Mama Nelima, nyinyi mmezika mtu mwingine," alimwambia Wilkista, bila lawama. "Mimi bado niko kule."

Wilkista alifurahi kumwona, na hilo halifichwi. Alimwekea chai, akamtazama mpaka macho yakamuuma. Nelima naye alimtambua baba yake mara moja, akatambaa kumwendea huku akicheka. Alipofika karibu na miguu yake, kicheko kilikatika. Kichwa kikainama, akalala kifudifudi juu ya sakafu, midomo imebadilika rangi. Wilkista alimnyakua akakimbia naye mpaka kwenye mahindi, akampuliza usoni, akamtikisa, akamwita kwa jina la bibi yake na kwa jina lake. Mtoto alipolia, Wilkista aliketi chini hapo hapo kwenye matope.

Aliporudi, Wanjala alikuwa analia. Alikuwa mtu wa kulia kwa shida hata alipokuwa hai.

"Hiyo hewa imenishika kwa nguo," alisema. "Wakinitoa, itabaki huko."

"Si basi ukae nje?"

"Nikikaa nje najipata ndani. Saa kumi ikifika, najipata tu hapa."

Wilkista angeweza kumpeleka mtoto kwa jirani kila jioni, na mama mkwe alimshauri hivyo. Alijaribu siku mbili. Siku zote mbili Wanjala alitazama mlango saa nzima, na hakugusa chai. Ilikuwa wazi amekuja kwa ajili ya nani. Basi Wilkista akaanza safari za ofisini. Alitaka kitu kimoja: mume wake atolewe mgodini azikwe, ili binti yake asife kwa kumpenda baba. Kitale walimpa kiti na wakampa namba za Bungoma. Bungoma walimwonea huruma sana, wakamrudisha Kitale.

Mwezi wa tano matawi yote mawili yalikuja Matulo kwa gari moja. Bwana Kagwe alitoka Kitale, na dada aitwaye Nyaruai alitoka Bungoma. Walifika saa kumi na dakika tano, wakawekwa kwenye kochi, wakapewa chai. Walimsalimia Wanjala, wakampa pole.

"Fomu ya kuomba mtu atolewe inajazwa na familia," Kagwe alisema. "Lakini kwa vile mwenyewe ako hapa, aweke sahihi tu."

Wanjala aliweka sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Nyaruai aliichukua fomu, akaisoma mara mbili, akaanza kujikuna shingo.

"Sasa kuna shida kidogo," alisema. "Mtu akiweka sahihi, huyo ni mzima. Na mtu mzima akikwama kwa mgodi si wetu, ni wa watu wa uokoaji."

"Na hii barua ya naibu wa chifu inasema aliugua, akazikwa hapo nyuma ya nyumba," Kagwe aliongeza. "Kwa hivyo kwetu huyu alishatolewa."

"Hapo nyuma ni mgomba," Wilkista alisema.

"Basi muende korti mruhusiwe kufukua huo mgomba. Ndio tujue si yeye."

Wanjala aliweka kikombe chini. "Na ule mdomo wa mgodi mtafunga lini? Watoto wa shule wanapita hapo."

"Ulifungwa, mzee," Kagwe alimjibu kwa upole. "Iko kwa vitabu."

Hawakuwa watu wabaya. Kochi lilikuwa la chini, ndani ya hewa ile, na walipotaka kusimama, vichwa viliwagonga, Nyaruai akashika ukuta. Phelista aliwashika mikono mmoja mmoja, akawatoa nje juani, akawapa maji. Nyaruai alimshukuru mara tatu. Kagwe aliahidi kupiga simu, na pengine alinuia. Gari likaondoka na fomu yenye sahihi.

Wilkista hakulia mbele yao. Alilia baadaye, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akanawa uso akamwita Tonny aje na tindo. Tonny alitoboa ukuta chini kabisa, upande wa mteremko, matofali mawili kwa upana. Kuanzia siku hiyo hewa ya Wanjala ilitoka kwa ule mwanya na kuteremka taratibu shambani. Nyasi za ng'ombe zilikauka kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye ua, na jirani wa chini aliombwa radhi, naye akahamisha banda la kuku.

Nelima alibaki juu ya kabati saa za baba yake. Alijifunza kusimama huko huko juu, ameshika dirisha, na Wanjala akampigia makofi kutoka kwenye kigoda. Hakumbeba hata siku moja. Wilkista alikuwa akisimama katikati yao, mkono mmoja kwa mtoto, akieleza habari za siku, na kuna jioni alizojisikia ana nyumba kamili kuliko wanawake wengi anaowajua. Jioni nyingine alitamani kuvunja kila kikombe.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, Wanjala alikuja na mgeni. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, udongo magotini, amesimama kando ya kigoda kwa kuwa hapakuwa na kingine.

"Huyu ni Derrick, ametoka Kwanza, kule upande wa Kitale," Wanjala alisema. "Hajui njia ya kwao, nikaona aanzie hapa."

"Sasa, auntie," Derrick alisema.

"Poa, mwanangu. Uliingia lini?"

"Jumamosi. Tulikuwa watatu. Wenzangu walitoka."

Moto wa meko juu ya meza ulilala, ukafifia, ukazima. Ule mwanya ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja. Wilkista hakungoja. Alimshusha Nelima kutoka kabatini, akamfunga mgongoni, akasimama nje ya mlango kwenye upepo. Kutoka hapo alimuuliza Derrick kama anaikumbuka namba ya mama yake. Aliikumbuka, akaitaja polepole.

Simu iliita mara moja tu. Nyuma ya sauti ya mama huyo, aliyejitambulisha kuwa Jerono, kulisikika watu wakipigilia vigingi vya tenti. Wilkista alisema yeye ni mama wa Matulo, mume wake yuko kwenye mgodi ule ule, na Derrick amefika salama, ameketi na mwenzake. Jerono alishukuru. Alisema hawajamtoa kijana, na wameambiwa wazike nguo zake Ijumaa.

"Usikubali waandike ni ugonjwa," Wilkista alisema. "Tafadhali, mama. Waandike mgodi."

"Wameshaandika. Malaria."

Wilkista alichungulia mlangoni. Ndani ya nyumba Derrick alikuwa amepewa kigoda, na Wanjala ndiye aliyekuwa amesimama.

"Hapo nyumbani kuna mtoto mdogo?" Wilkista aliuliza.

"Ako mjukuu. Dada yake Derrick alituachia. Anatambaa."

"Basi kuanzia Jumamosi, kesho yake ya mazishi, saa kumi ikikaribia, usimweke chini. Na leo hii tafuta fundi atoboe ukuta."

Kule Kwanza nyundo ziliendelea kugonga.

"Upande gani?" Jerono aliuliza.

"Upande wa mteremko," Wilkista alisema. "Chini kabisa. Na wafanye mwanya mkubwa kuliko wetu."