Mbebaji wa Sanduku la Madame Bernadette

Jumatano asubuhi, mwaka 1998, Ruphin alikuwa amekaa kwenye baraza la duka la simu pale Overport, Durban, misumari ya shaba mdomoni, akibandua bitana ya sanduku la Madame Bernadette, aliyetaka litiwe hariri mpya kabla ya kuliuza. Lilitengenezwa Paris, enzi za kaizari wa mwisho wa Wafaransa, kwa ajili ya mke wa jenerali. Lilikuwa na pahali pa kila kitu: pa marashi, pa glavu, hata pa bakuli la fedha la kukojolea. Watu wale hawakusahau chochote ila aibu.

Mume wa Madame alikuwa waziri Kinshasa hadi mwaka uliotangulia. Walikimbia na masanduku kumi na tisa, wakatua Berea, na bado Madame alitaka aamkiwe kwa cheo. Alikuwa amemwahidi Ruphin barua ya ajira. Bila barua hiyo kibali chake cha ukimbizi kisingeongezwa muda, na kilikuwa kinaisha Ijumaa.

Chini ya bitana alikuwa amejikunja mzee wa Kizungu, magoti kidevuni, bega la kulia limechubuka. Ruphin alitema misumari kwenye kopo, akamsalimu.

"Mimi Anatole," alisema mzee. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa wateja wa simu, wiki mbili ambazo sanduku lilikaa pale dukani. "Nilikuwa nabeba hii sanduku. Nikakufa ku escalier, ku ngazi, bakanishona humu sanduku isipoteze umbo. Nimechoka, ndugu."

"Basi toka, papa."

Anatole alitoka, akanyoosha mgongo, akasubiri roboti, ile taa ya barabarani, iwe ya kijani, akavuka. Sanduku likabonyea katikati.

Madame alikuja Alhamisi.

"Iko wapi mubebaji wangu?"

"Ameenda, Madame."

"Imbécile! Mu certificat ya sanduku baliandika: malle na mubebaji wake. Nani atanunua tupu?" Alichukua futi ya kamba shingoni mwa Ruphin, akampima mabega, kisha mgongo. "Wewe utaenea."

"Na barua, Madame?"

Aliiandika palepale: mwenye barua hii ni sehemu ya sanduku langu, kazi ya kudumu. Aliigonga muhuri wa wizara ya mumewe, ambayo haikuwepo tena.

Ijumaa karani wa ofisi ya wakimbizi aliisoma, akasema ndiyo barua ya kwanza iliyokamilika tangu Januari, akakiongeza kibali miaka miwili. Ruphin alifurahi, na furaha hiyo ikamchukiza. Alirudi Overport, akavua viatu asichafue hariri mpya, akaingia sandukuni. Akaanza kushona bitana kutoka ndani, kwa mishono midogo, maana hakutaka mtu aseme alifanya kazi mbaya.