Mashine ya Fundi Kesho

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka minne mkewe alimwomba asawazishe sakafu ya karakana, iliyoinamia mlangoni hata chungwa likidondoka unalifuata barabarani. Jibu lilikuwa lile lile: "Kesho, mama watoto."

Humo humo ndimo alimoundia mashine ya kuchambua maharage. Unamimina juu, unazungusha mpini, mazima yanateremka huku, mabovu na vijiwe kule. Majirani walileta maharage yao, wakasifu, wakakosoa, na kila walipokosoa alichomelea kitu. Siku ya maonyesho ya wavumbuzi ikafika. Akishindwa, Jumatatu angeanza kuuza magodoro dukani kwa shemeji yake, mtu anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Mkewe alishakubaliana na kaka yake.

Ukumbini sakafu ilikuwa ya vigae, imenyooka. Fundi akamimina, akazungusha. Maharage yakatulia tuli. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mashine ilikuwa ugenini. Akazungusha tena. Jaji mmoja akafunga daftari, na fundi akaanza kuona magodoro.

"Jana ilichambua!" alilalamika.

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "inyanyue miguu ya nyuma."

"Ya nini?"

"Umeiundia kwenye mteremko wetu. Hapa hakuna mteremko!"

Hakusubiri jibu. Akavua kandambili zake, akasokomeza moja chini ya kila mguu. Hazikutosha. Akamvua na mumewe zake. Maharage yakaporomoka, mazima huku, mabovu kule, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Jaji akainama. "Na hizi kandambili?"

"Sehemu ya mashine," fundi akasema bila kupepesa macho. Kisha aibu ikamshika. "Hiyo sehemu ameivumbua mke wangu."

Walishinda. Mashine ikabaki ukumbini hadi Jumapili, kandambili zikiwa chini yake, nao wakarudi nyumbani peku na kikombe mkononi.

Mlangoni mke akapiga kofi mfuko wa saruji alioununua asubuhi. "Sasa sakafu."

Fundi akaitazama sakafu yake iliyopinda kwa mapenzi makubwa. "Na mashine ya pili nitaiundia wapi?"

"Palipo sawa. Kama kwa hao watakaoinunua."

Fundi akafungua kinywa alitamke lile neno lake. Akaona nyayo za mkewe zilivyochubuka. Akafumba kinywa, akaenda kutafuta koleo.